Mayai ya Mwezi wa Tatu

Siku tatu kabla ya kikao, Celeste Albornoz alikuwa amepiga magoti mbele ya friji akibandua barafu kwa kisu cha siagi. Friji haikuwa imeomba msaada huo. Ilikuwa imeishi na barafu yake tangu mwaka juzi na ingeweza kuendelea. Lakini mezani, nyuma ya mgongo wake, kompyuta ilikuwa wazi kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa tasnifu yake ya uzamili, na ukurasa huo ulikuwa umemkodolea macho kwa mwaka mmoja na miezi mitano bila kupata mwenzake wa arobaini na mbili.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza mama yake, Nélida, bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa akishona makoti meupe ya watoto wa shule, kwa ajili ya duka moja la mjini ambalo hupokea kazi Novemba na kulipa likijisikia.

"Sitafuti. Nasafisha."

"Juzi ulifua mapazia. Jana ulifungua pasi ukaifunga tena, sasa haipati moto. Nikikuona unaisogelea cherehani yangu na bisibisi, nahama."

"Akili nayo inataka kupumzika, mama."

"Akili yako ingekuwa kibarua, ingeshafukuzwa zamani."

Juu ya friji lilikaa trei la mayai thelathini, na ubavuni limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: YA CELESTE, YASIGUSWE. Mjini Tucumán, Ajentina, anayemaliza chuo hangoji maua. Ndugu zake humsubiri mlangoni mwa kitivo na mayai na unga, na humpaka mpaka mama aliyemzaa asimtambue. Mayai haya yalinunuliwa mwezi wa tatu, Celeste alipoapa kwamba mwezi hauishi kabla hajamaliza. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Katika joto lile, hakuna aliyepita karibu na friji kwa kishindo.

"Babu yako anasema ndiyo yameiva," alisema Nélida. "Anasema yai bichi ni dharau, harufu ndiyo heshima yenyewe. Na mama yako mdogo Irma anakuja Ijumaa kwa basi la saa mbili kutoka Famaillá, kabeba unga kilo tano. Ni saa nne, siyo?"

"Saa nne," alisema Celeste, akiiambia barafu.

Hakudanganya. Tatizo ni kwamba hakusema ukweli pia. Wiki iliyopita barua ya kitivo ilifika, Nélida akaifungua na kuisoma kwa sauti mpaka kwenye maneno "jopo, Ijumaa, saa nne asubuhi," kisha akaibusu, akaenda kumwonyesha jirani. Katika nyumba ile, jopo lilikuwa na maana moja tu: mtoto anatetea tasnifu, mtoto anamaliza. Nusu ya chini ya barua, ambayo Nélida hakuifikia, ilisema kwamba jopo litaamua kama Celeste aongezewe muda au afutwe kwenye orodha ya wanafunzi, miaka minne yote na ada zote zikienda na maji. Celeste aliichukua barua, akaikunja mara nne, akajiambia atamweleza mama yake kesho asubuhi.

Kesho Asubuhi lilikuwa pia jina la blogu yake.

*

Blogu ilianza siku ambayo sura ya kwanza ilitakiwa. Celeste alikaa kuandika sura, akaandika badala yake maelezo ya kina ya jinsi ya kupanga viungo vya jikoni kwa herufi ili usiandike sura. Hakuweka jina lake, alijiita Bibi Kesho. Kufikia Novemba hiyo ya mwaka 2008, blogu ilikuwa na habari mia tatu kumi na nane. Ilisomwa na watu elfu mbili kwa wiki, wakiwemo wakutubi wawili wa Salta na daktari wa meno wa Mendoza aliyekuwa na tasnifu yake mwenyewe ikioza kwenye droo.

Wasomaji walipenda zaidi visa vya babu. Segundo, baba yake Nélida, alikuwa mzee wa miaka sabini na tisa aliyefanya kazi kiwanda cha sukari cha San Plácido mpaka mwaka 1966, wanajeshi walipofunga viwanda vya mkoa kwa karatasi moja yenye mhuri. Serikali iliuita ufungaji ule mpango. Wasomi, walipofika miaka ishirini baadaye na vinasa sauti vyao, waliuita mabadiliko ya muundo. Segundo aliuita njaa, maana alikuwepo na ndilo jina alilolisikia. Tasnifu ya Celeste ilihusu ufungaji huohuo. Shahidi wake aliishi chumba cha pili, akimenya viazi kila asubuhi mezani palepale penye kompyuta, na kwa miaka minne hakuwa amemhoji hata mara moja. Kila alipotaka kuanza, aliona bora kwanza apange maswali.

Siku moja ya Aprili mwaka uliotangulia, sura ya pili ikitakiwa saa sita mchana, Celeste alikuwa amemgeukia.

"Babu, nipe kitu kwa ajili ya blogu."

"Nikupe cha lango," alisema mzee. "Siku ile wanajeshi walipofika langoni asubuhi..."

"Hiyo ya lango ni ya tasnifu, babu. Utanieleza kesho, nikiwa nimekaa vizuri na daftari. Sasa nipe cha kuchekesha."

Segundo alimaliza kumenya kiazi alichokuwa nacho, akakitazama kama anayekumbuka deni, akakitumbukiza majini.

"Basi weka punda."

"Kulikuwa na punda?"

"Hakukuwa. Mikokoteni ya punda iliisha kabla sijamwoa bibi yako. Lakini weka punda. Watu hawakumbuki watu. Punda watamkumbuka."

Wakacheka, wakamtunga pamoja. Walimpa jina la Katibu, kwa kuwa hakufanya kazi dakika moja baada ya king'ora cha kutoka. Siku ya kufungwa kiwanda, Katibu alilala langoni kwa saa mbili na jeshi zima likashindwa kuingia. Sajini alimsukuma, akamwimbia, akampa sukari ya kiwanda chenyewe. Mwishoni ikabidi aandikiwe barua ya kuachishwa kazi na kusomewa sikioni, ndipo akainuka na kwenda zake kwa heshima. Daktari wa meno wa Mendoza aliandika kwamba amelia. Sura ya pili haikwenda popote.

*

Jumatano Celeste alikwenda kumwona msimamizi wake, Dokta Lisandro Etchart, kumwomba amsemee kwenye jopo. Miadi ilikuwa saa tatu. Saa tatu na nusu katibu muhtasi alimwambia Dokta yupo kwenye simu. Saa nne alimwambia Dokta anakunywa kahawa, na hakuona haya.

Celeste alikuwa na sura ya pili kwenye mkoba, karatasi kumi na tisa za kupitia. Ili asizitoe, alisoma tangazo la kupotea kwa mwavuli, kisha maelekezo ya kizima moto, kisha akachukua jarida jipya la kitivo kwenye rafu. Makala ya kwanza ilikuwa ya Dokta Etchart: "Mwili wa Mnyama kama Uwanja wa Ukaidi: Punda, Dola na Sukari."

Alisoma akiwa ameketi. Ukurasa wa pili aliusoma akiwa amesimama.

Katibu alikuwa humo. Amelala langoni kwa saa mbili kamili, sajini na sukari yake na barua ya kuachishwa kazi. Kurasa nne nzima zilimchambua: masikio yake yalikuwa upinzani, mkia wake ulikuwa lugha. Mwishoni palikuwa na tanbihi yenye herufi ndogo: mahojiano ya mwandishi na mfanyakazi wa zamani wa San Plácido, Juni 2007.

"Albornoz," aliita katibu muhtasi. "Ingia, ana dakika tano."

Kiti cha wageni kilikuwa na koti la Dokta, na Dokta hakuliondoa. Celeste alisimama kama aliyekuja kusoma mita ya umeme.

"Nitakwambia wazi, bibie," alisema Etchart. "Siwezi kukutetea. Miaka minne, kurasa arobaini. Na kitivo kizima kinajua ile blogu ni ya nani. Viungo vya jikoni, vichekesho vya babu. Huo ni umbea. Sayansi ni ushahidi."

"Umeisoma, Dokta?"

"Nimeipitia. Mara moja tu. Inatosha."

Jarida lilikuwa limekunjwa kwenye mkoba wa Celeste, katikati ya sura ya pili. Mtu mwingine angelitoa hapohapo na kulibamiza mezani. Yeye, kwa tabia ile iliyomwangamiza miaka minne, alifikiri: hili nalo tuliache mpaka Ijumaa. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake kuahirisha kukamfaa.

*

Babu Segundo alikuwa uani, kwenye sinki la kufulia, akisugua kibuyu chake cha chai ya yerba. Celeste alimsomea makala yote. Ilipofika kwenye mkia, mzee alikalia ndoo. Ilipofika kwenye tanbihi, ilibidi aletewe maji.

"Kwa hiyo alinihoji," alisema, akijifuta macho kwa kiganja. "Alikunywa chai yangu?"

"Anasema ilikuwa Juni."

"Juni ya mwaka jana nilikuwa hospitali na nyonga yangu, siku ishirini na sita. Labda alimhoji punda." Akacheka tena, kisha kicheko kikamkauka. "Wanakuja na vitabu vyao, mjukuu wangu. Mmoja alikuja mwaka sabini na tatu, akapiga picha mikono yetu. Mikono tu. Mwingine alikuja themanini na nane, akaniuliza nilikuwa nakula nini, akaandika, hakuniachia hata mkate. Huyu naye hakuja kabisa, naye kaandika. Ijumaa naenda."

"Babu, Ijumaa siyo ile mama anayodhani."

"Najua. Barua niliisoma na mimi. Mpaka chini."

"Na hukumwambia?"

"Ni yako. Mwambie."

Celeste aliingia ndani kumwambia. Nélida alikuwa amesimama mbele ya kioo, amejipimia gauni la bluu alilovaa mara ya mwisho kwenye mazishi ya mumewe. Mdomoni alikuwa na pini tano.

"Nilipunguze kiunoni, au niliache? Sitaki ndugu wa watoto wengine wa chuo wakadhani sisi ni watu wa kubahatisha."

"Liache, mama. Limekukaa."

"Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nitakwambia kesho asubuhi."

*

Kikao kilikuwa cha wazi kwa mujibu wa kanuni, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuja. Kwa hiyo Segundo alipoingia na kofia yake mkononi, akaketi safu ya mbele na kutandaza leso magotini, wajumbe watatu walitazamana. Mwenyekiti alikuwa Dokta Amalia Brandán, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mafua ya kudumu. Kushoto kwake alikuwa Etchart. Kulia alikuwa mjumbe wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali.

"Mzee ni nani?" aliuliza Brandán.

"Msikilizaji," alisema Segundo. "Endeleeni tu, mama."

Etchart alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema mwanafunzi ana kipaji ila hana nidhamu. Alisema ametumia muda wa chuo, na fedha za umma pia, kuandika uzushi kwenye mtandao, hadithi za kubuni zisizo na thamani yoyote ya kisayansi. Mjumbe wa tatu alikubali.

"Una la kusema, Albornoz?"

Celeste alijua kwamba akikosea neno hapa anarudi mlangoni kwenye mayai akiwa si mwanafunzi tena. "Nina swali. Dokta anasema yote niliyoandika ni uzushi. Na punda pia?"

Etchart alitabasamu kwa subira. "Punda wa San Plácido ni jambo lililothibitishwa. Nimelichapisha mwenyewe. Kama uligusia habari hiyo, basi uliiokota mahali."

"Niliiokota jikoni kwetu. Tarehe kumi na moja Aprili, mwaka jana. Tarehe ipo kwenye blogu, na maoni ya wasomaji yapo chini yake." Akaweka mezani jarida, na juu yake karatasi aliyoichapa. "Mahojiano ya Dokta ni ya Juni."

Brandán alivaa miwani. Alisoma karatasi, akasoma jarida, akapenga kamasi taratibu. Chumba kizima kiliisubiri pua yake.

"Sajini anaimba humu na anaimba humu," alisema. "Hata wimbo ni uleule. Lisandro, ulimhoji nani?"

"Mfanyakazi wa zamani. Jina ni siri, kwa maadili ya utafiti."

Segundo aliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mama, waliobaki hai wa San Plácido mkoa huu ni wawili. Mmoja ni Eusebio Paz, aliyepatwa na kiharusi na hazungumzi tangu dunia iingie mwaka elfu mbili. Wa pili ni mimi. Juni ile nilikuwa hospitali, na vyeti ninavyo mfukoni. Na huyo punda nilimzaa mwenyewe, nikimenya viazi. Hakuna punda aliyekanyaga pale baada ya mwaka hamsini na mbili. Daktari ameandika kurasa nne juu ya mkia wa mnyama asiyekuwepo."

Mjumbe wa tatu alianza kukubali, kisha akajizuia.

Etchart alisema kuna mkanganyiko wa madokezo. Alisema msaidizi wake ndiye aliyekusanya data. Uso wake ulikuwa umepata rangi ya nyama ya chumvi. Lakini Brandán hakuwa akimtazama tena.

"Mzee," alisema. "Kama hakukuwa na punda, langoni alilala nani?"

Segundo aliitazama leso yake. Aliikunja, akaikunjua.

"Tulilala sisi. Watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa nne kutoka kushoto, kati ya Eusebio na Ramón Lescano. Hawakutuimbia." Akamgeukia Celeste, si kwa hasira. "Nilitaka kumweleza mjukuu wangu siku ileile. Akaniambia kesho."

Celeste alitamani sakafu imfiche, na sakafu za vyuo hazifanyi kazi hiyo.

*

Uamuzi ulitoka baada ya robo saa. Siku tisini. Msimamizi mpya, Dokta Brandán mwenyewe. Sharti moja: blogu ifungwe mpaka ukurasa wa mwisho. Kuhusu makala ya punda, itaundwa tume. Mnajua tume. Kuna tume iliyoundwa mwaka sitini na saba kuchunguza mishahara ya San Plácido, na mpaka leo inasubiriwa kwenye korido ileile. Etchart atapanda cheo, wala msishangae. Siku ile, hata hivyo, hakuweza kutoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa na katibu muhtasi ndiye mwenye ufunguo, na katibu muhtasi alikuwa akinywa kahawa.

Nje, kwenye ngazi, walikuwepo wote. Mama mdogo Irma na kilo tano za unga, majirani saba, Nélida kwenye gauni la bluu, trei kifuani kama anayebeba mtoto mchanga. Celeste alipotokea, walipiga makofi.

Alishuka ngazi tatu, akasimama.

"Mama, sijamaliza. Sikuwa namaliza leo. Nilikuwa nafukuzwa. Wamenipa siku tisini."

Makofi yalikufa, kwanza ya majirani, mwishoni ya Irma, ambaye sikio lake moja halikusikia vizuri. Nélida alimtazama binti yake. Aliwatazama ndugu wa watoto wengine wa chuo, waliokuwa wameanza kutazama.

"Barua," alisema. "Barua ilisema hivyo?"

"Chini."

"Nami nikaibusu."

"Mama, nisamehe. Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Jibu walilijua wote wawili. Nélida aliweka trei chini kwa uangalifu mkubwa. Akachukua yai moja, akapanda ngazi mbili na kulivunja utosini mwa binti yake, polepole, kama anayevunja kwenye bakuli.

Majirani wawili walirudi nyuma. Harufu ile ilikuwa na miezi minane ya elimu.

"Hilo ni la barua," alisema Nélida, akachukua la pili. "Hili la mwezi wa tatu." La tatu. "Hili la pasi yangu."

"Hilo ni halali," alisema Segundo.

Kwenye la nne Nélida alimwegemea binti yake, na kama kilikuwa ni kicheko au ni kilio, Irma hakusubiri kujua. Alimwaga unga, kilo zote tano, kwa wote wawili, kwa sababu alikuwa amepanda basi saa mbili na hakuwa tayari kuurudisha Famaillá. Mama na mwana wakabaki weupe kama yale makoti ya shule, wameshikana mabega, wakikohoa.

Hapo ndipo Etchart alipotoka. Watu walimpisha njia, kwa mazoea ya kuwapisha watu wenye mikoba ya ngozi. Segundo alivaa kofia, akachagua yai kwenye trei, akamwendea. Aliivua tena kofia.

"Daktari. Tulihojiana, lakini sikukupa chochote. Siyo desturi yetu mgeni kuondoka mikono mitupu."

Akamwekea yai kiganjani na kumfungia vidole, kimoja kimoja, kwa upole wa mtu anayempa mtoto peremende. Yai lilikuwa jepesi na jotojoto. Etchart, aliyelelewa vizuri, alisema ahsante kabla hajafikiri. Kisha ikambidi atembee nalo uwanja mzima mpaka kwenye gari lake, amenyoosha mkono mbele, asithubutu kulibana wala kulitupa, huku wanafunzi wakitoka madarasani. Gari lilikuwa mbali. Kisha ikaonekana kwamba funguo ziko mfuko wa mkono uleule.

*

Mchana ule, saa ya mji mzima kulala, madirisha yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya jua. Nélida alikuwa kwenye cherehani, amerudi kwenye makoti. Alikuwa ameweka sahani ya empanada, zile sambusa za nyama, karibu na kompyuta, akaenda zake.

Celeste aliketi. Hakuwa ameoga.

"Kaoge kwanza, unanuka," alisema Nélida.

"Nikienda kuoga nitasugua na vigae."

Cherehani ilisita, ikaendelea. Friji ilikuwa safi, hapakuwa na barafu hata punje. Celeste aliufuta ukurasa wa arobaini na moja, na wa arobaini, akaendelea kufuta kurudi nyuma mpaka akafika pasipo na kitu. Mbele yake Segundo alivuta kiti na bakuli la viazi.

"Kutoka kushoto, babu," alisema Celeste. "Wa kwanza nani?"

"Maswali umeshayapanga?"

"Sijayapanga."

Mzee alichukua kiazi. Celeste, unga ukimdondoka kwenye vidole, aliandika sentensi ya kwanza: Katika lango la San Plácido hapakuwa na punda.